Kunong'ona si Kunung'unika

Ukimwambia Somo kwamba fulani kasema jambo "kwa sauti ya chini," hakuachi uendelee. Atakushika mkono akuketishe, kisha akuulize: "Sauti ya chini gani? Alinong'ona, alinung'unika, aliguna, au aliyamung'unya maneno? Sema, mwanangu. Hizo ni nne, na kila moja ina nyumba yake." Kama hujui, hadithi yako haina faida tena. Utarudishwa ulikotoka ukasikilize upya.

Tulimwita Somo kwa sababu ndiye aliyetufunda, sisi wasichana wa kijiji chetu cha kwenye mikoko, upande wa Mbuchi. Mama zetu walimwita Somo, waume zetu walimwita Somo, hata waliomzidi umri walimwita hivyo hivyo. Jina alilopewa na wazazi wake nililisikia mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, siku mgeni kutoka Mahege alipofika akimuulizia. Nilimjibu mgeni yule, bila wasiwasi wowote, kwamba kijijini kwetu hatuna mtu huyo.

Alikuwa mnene, mweusi wa kung'aa, na mwendo wake ulikuwa wa haraka kuliko mwili ulivyoruhusu. Mtumbwi alisukuma mwenyewe. Alisimama nyuma na upondo wake, kaniki imefungwa kifuani, na kwenye kijito chembamba wanaume walimpisha, maana yeye hakumpisha mtu. Alipenda kaa kuliko nyama yoyote. Akiwa anakula kaa hakutaka kusemeshwa, na ukimsemesha atakujibu kwa gamba la kaa analoligonga kwenye sahani: mara moja ndiyo, mara mbili ondoka.

Mafunzo yake yalikuwa ya ndani. Mwari akiwekwa ndani, Somo alitundika mkeka katikati ya chumba, yeye akakaa upande wa pili, akawa anatoa sauti na sisi tunataja jina lake. Watu wa vijiji vingine walicheka waliposikia. Walisema makungwi wao hufundisha kupika, usafi, na mambo ya nyumba, kumbe wetu hufundisha kuguna. Somo hakujali. "Mpishi mbaya atasamehewa," alisema. "Lakini mwanamke asiyejua mumewe kanong'ona au kanung'unika, huyo ataishi na mgeni mpaka kufa."

Kunung'unika, alisema, kuna sauti lakini hakuna sikio. Mtu anajisemea na maneno yanamtoka puani, hamwambii yeyote, ila anaomba Mungu mwenye kosa apite karibu asikie. Kuguna ni kufunga mdomo: neno moja tu, halina herufi, na aliyeguna anakuachia wewe umalizie. Kumung'unya ni kusema kama kibogoyo anavyokula muwa, maneno yanageuzwa geuzwa na hayamezwi wala hayatemwi, na anayefanya hivyo ama ana haya ama ana uongo. Na kunong'ona? Hapo alikuwa akiinua kidole. "Kunong'ona ni pumzi. Hakuna sauti hata kidogo. Hutoka mdomoni huingia sikioni, na katikati hakidondoki kitu."

Ndipo tulipokuwa tukiuma nguo zetu kwa kicheko. Maana Somo, aliyetufundisha kunong'ona, yeye mwenyewe alikuwa hawezi. Mungu alimpa koo la mtu wa kuita watu ng'ambo ya mto. Kila alipotaka kutuonyesha mnong'ono nyuma ya ule mkeka, kuku walitoka mbio uani, na mama yangu aliitikia kutoka jikoni, "Nimesikia, Somo, naleta!" Alikuwa akiona aibu kwa muda wa kumeza mate, kisha anatuambia tuzingatie maelezo, tuachane na mfano.

Kijijini pakawa na msemo: ukitaka jambo lifike kila nyumba, mpe Somo akufichie. Na yeye, ambaye alitukataza kuteta watu, alipenda habari za watu kama alivyopenda kaa. Alikuwa anakuja na kikapu kitupu, anakaa kizingitini, anauliza fulani yuko wapi, kwa nini, na yuko na nani. Tukimwambia, "Somo, huku si kuteta?" alikuwa anashangaa kwa dhati. "Kuteta? Miye namjulia hali!"

Mwaka nilioolewa na Salumu, nilimwendea nikilia. Nilimwambia mume wangu hapendi chakula changu, kila siku akila ananung'unika. Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, aliingia nyumbani kwetu bila hodi, akaketi mlangoni akamtazama Salumu akila wali na kambale. Salumu, maskini, tonge lilikuwa linamshinda kwa haya, lakini njaa ya mtu aliyekuwa akikata boriti tangu alfajiri haina adabu. Akala. Na kila tonge likishuka, akaguna.

"Haya," Somo akaniita kwa sauti iliyosikika kwa majirani. "Hebu sikiliza weye mwenyewe. Mdomo umefungwa? Umefungwa. Mkono umesimama? Haujasimama. Mtu anayeguna huku mkono unarudi sahanini, anakusifu. Tena anakusifu sana. Mwongeze mchuzi." Salumu aliinama akacheka mpaka akapaliwa. Tangu siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na amani, na Somo alikuwa na sahani yake.

Sasa niseme habari za vita, kwa sababu watu wakitaja Maji Maji hutaja bunduki na mikuki, nami nikiikumbuka hukumbuka sauti kwanza.

Wakati huo Akida wa upande wetu alikuwa amelima shamba kubwa la pamba bara, kwenye ardhi nzuri ya mpunga, na wanaume wetu walivushwa kwenda kulilima kwa zamu. Waliporudi walikuwa na alama za kiboko mgongoni. Mpunga wetu wenyewe ulibaki mashambani, madungu ya kulindia yakiwa matupu, ndege na nguruwe wakala walivyotaka. Kijiji kizima kilikuwa kinanung'unika. Somo aliwahi kusimama kisimani akasikiliza, akasema, "Leo hakuna hata mmoja anayesema na mwenzake. Kila mtu anasema na nafsi yake."

Ndipo mnong'ono ulipokuja. Ulikuja na mtu wa milima ya Umatumbi aliyezoea kututembelea na tumbaku, akibadilishana na samaki wakavu. Siku hiyo alimkuta Somo kisimani, na kwa kuwa alimjua kuwa mwanamke anayeingia kila nyumba, alimsogelea akamnong'oneza. Habari ilikuwa ya dawa: kuna maji, ukiyapata risasi za Wajerumani zinageuka maji mwilini mwako. Mwambie unayemwamini, naye amwambie anayemwamini.

"MAJI?" akasema Somo. "RISASI IGEUKE MAJI?"

Wanawake wote kisimani waligeuka. Waliokuwa wakitwanga mpunga juu huko waliacha michi hewani. Yule mtu wa tumbaku aliokota mzigo wake akaondoka bila kutazama nyuma, na hatukumwona tena.

Wanaume walimkasirikia. Mjomba wake Salumu alimwambia usoni, "Umetuharibia. Nani atatuletea neno tena sisi?" Somo alijitetea kwanza, akasema neno la kuokoa watu wote lingetangazwa kwa ngoma. Lakini siku zilizofuata alikuwa mnyonge. Nilimkuta akimenya mihogo, akaniambia bila kuinua macho: "Nilidhani anateta. Kumbe yule hakuwa akiteta. Kuna watu wameshinikizwa mpaka wamebakiwa na pumzi tu. Pumzi hiyo ndiyo waliyotumia." Kisha akaongeza, "Lakini risasi kugeuka maji, hapana. Hilo silimezi." Hivyo ndivyo alivyokuwa: aliweza kumheshimu mtu na kulikataa neno lake, yote kwa pumzi moja.

Haukupita muda tukasikia vita vimeanza milimani, pamba imeng'olewa, nyumba za maakida zimechomwa. Akida wetu akaingiwa na hofu. Na mtu mwenye hofu aliyepewa askari ni hatari kuliko mtu mwenye hasira. Nyapara wa shamba lake alimpelekea habari kwamba watu wanne wa kijiji chetu wameonekana pembezoni mwa shamba wakinong'ona. Mmoja wao alikuwa Salumu. Wakafungwa kamba, wakawekwa ukumbini kwa Akida kusubiri kupelekwa bomani. Aliyepelekwa bomani siku zile kwa kosa la kunong'ona hakutarajiwa kurudi.

Mtu aliyeniletea habari hakuwa amemaliza, Somo alikwisha shika upondo. Tulivuka wawili, maji yakiwa yanajaa, asubuhi. Mimi nilikuwa nikilia kwa kwikwi, naye alikuwa akisukuma tu.

Akida alikuwa mtu wa pwani, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na Kiswahili kilichonyooka. Alikuwa ameketi barazani, askari wawili pembeni, Salumu na wenzake wamechuchumaa mchangani. Somo aliamkia vizuri, akakaa chini kwa adabu, akauliza:

"Bwana Akida, wanangu hawa wamefanya nini?"

"Wamenong'ona."

"Nani kawasikia?"

Nyapara akajitokeza kifua mbele. "Miye. Nilikuwa bandani kwenye pamba, wao ng'ambo ya shamba, nikawasikia."

"Ulisikia maneno gani?"

"Maneno sikuyapata. Nilisikia sauti tu. Mm-mm-mm, hivi."

Somo akamgeukia Akida, na nikaona mabega yake yanatulia. "Umemsikia, Bwana. Mnong'ono hauvuki shamba. Hauna sauti ya kuvukia. Huyu kasikia watu wakinung'unika. Na kama kunung'unika kwenye pamba ni kosa la kunyongwa, basi ongeza kamba, uwafunge watu wa Rufiji nzima, uanze na miye."

Askari mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Akida alizishika ndevu zake. "Maneno mazuri," akasema. "Lakini maneno ni yako. Hebu nong'ona, tuone kama hausikiki."

Somo naye nilimwona, mara ya kwanza tangu nimjue, anaogopa. Alifumba macho. Alivuta pumzi. Akakusanya mdomo wake kama mtu anayepuliza moto.

"BISMILLAHI," akanong'ona.

Mbuzi wa Akida alikata kamba. Askari wote wawili walicheka wazi, na nyapara akapiga makofi. "Umesikika mpaka bandani! Si huo, Bwana? Mnong'ono unavuka!"

Somo aliinamisha kichwa. Salumu alinitazama, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeaga. Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nilikuwa bado msichana, sijawahi kusema mbele ya mkubwa yeyote. Nilisimama nikasema, "Bwana Akida, huyu ni mwalimu. Kazi ya mwalimu ni kufundisha. Ndiye aliyenifunza miye. Mpeleke Bwana Nyapara bandani kwake, nami ninong'one hapa."

Akida alifikiri, akaridhia, nadhani kwa sababu mchezo ulikwisha mkolea. Nyapara akaenda mpaka bandani, ng'ambo ya shamba lililokuwa mbele ya baraza, akasimama ametega sikio. Nikaenda kwa Salumu, nikapiga magoti mchangani, nikaweka mdomo wangu sikioni mwake, nikamwambia neno nililokuwa nimelificha. Sikuwa nimemwambia mama yangu. Somo ndio kabisa sikumwambia, maana mnajua habari ingefika wapi.

"Umesikia?" Akida akamwita nyapara.

"Sikusikia, Bwana! Lakini huyu hajasema kitu! Kaweka mdomo tu!"

Ilikuwa hoja ya haki. Akida akamgeukia Salumu. "Kakwambia nini?"

Machozi yakamshuka Salumu, naye amefungwa mikono, hana cha kuyafutia. Akida akarudia, kwa ukali kidogo: "Nimekuuliza, kakwambia nini?"

"Kasema," akajibu Salumu, "kasema nitaitwa baba."

Somo akapiga kigelegele ambacho, nawaapia, kilimtoa nyapara bandani mbio akidhani vita vimefika. Akanikumbatia, akanisukuma, akanikemea kwa nini sikumwambia, akanikumbatia tena. Akasahau Akida, askari na pamba.

Akida aliguna. Nimeufikiria mguno ule miaka mingi, na Somo pia aliufikiria, na sisi wawili hatukupata kukubaliana ulikuwa wa namna gani. Baadaye akasema wafunguliwe. Hawakwenda bure: aliwatwika kazi ya kukata boriti za boma mpaka mpunga uvunwe, tena bila ujira. Lakini walifunguliwa. Nyapara aliambiwa siku nyingine alete maneno, asilete mm-mm.

Tulirudi watatu kwenye mtumbwi ule mmoja, wenzake wakifuata na wa kuazima. Somo alisukuma nyuma yetu, akiimba. Salumu akaniinamia sikioni akaniambia, kwa pumzi tupu, kwamba kwa kweli walikuwa wakinong'ona. Yule mtu wa tumbaku aliwapelekea habari kwa njia nyingine. Ila mmoja wao, kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa akinung'unika mgongo wake unauma, na mnung'uniko huo ndio nyapara aliousikia.

"Nimesikia," akasema Somo bila kuacha kusukuma.

"Umesikia nini, Somo?" nikauliza.

"Nimesikia kwamba mlinong'ona. Na miye sikumwambia Akida kuwa hamkunong'ona. Nilimwambia alichosikia nyapara hakikuwa mnong'ono. Sikusema uongo hata punje." Akasukuma kidogo. "Sasa Salumu, mwanangu, nisikilize. Mtu anayeitwa baba hachezi na risasi."

Salumu hakwenda vitani. Yule kijana wa mgongo alikwenda, akavuka usiku mmoja na wenzake wa bara, na hakurudi. Mama yake alikuwa mjane. Somo alihamia nyumbani kwake mpaka siku za tanga zikaisha na hata baada ya hapo. Watu waliopita pale walisema hawakusikia kitu. Alimchotea maji, alimsuka nywele, alimpikia uji, na hakumfundisha wala hakumuuliza habari ya mtu yeyote. Nilipomletea chumvi, aliipokea mlangoni kwa kutikisa kichwa.

Njaa iliyofuata vita nyote mmesimuliwa na bibi zenu. Huko bara maghala yalichomwa; kwetu mikoko ilitunusuru. Somo alituongoza topeni kutafuta kaa, alituonyesha ming'oko, viazi vya mwituni, ilikojificha, na alitukataza kulalamika kabla ya wakati. "Njoo nikusikilize tumbo," aliwaambia watoto, akaweka sikio. "Aa, hili bado linanong'ona. Likianza kunguruma njoo uniambie." Watoto walikuwa wakikimbia kwenda kucheza, wakijisikiliza, wakisahau. Binti yangu alizaliwa katikati ya njaa hiyo, mdogo kama kambale, na Somo ndiye aliyempokea. Alipolia mara ya kwanza Somo alitangaza kijiji kizima kwamba huyu ana koo. Alifurahi kama aliyepata mrithi.

Miaka ikapita. Wajerumani wakaondoka, wakaja wengine. Somo alikwenda kuishi Mtawanya kwa mpwa wake, mbali na maji ya chumvi, akawa anatuma salamu na kuagiza kaa ambao hawakuwahi kufika wazima. Nilimwona mara ya mwisho nilipokwenda huko kwa arusi. Nilimchukulia uduvi mkavu kwenye kifurushi cha kitambaa.

Nilimkuta uani kwenye jamvi, amepungua, macho yamefifia, anapepeta mchele kwa mikono tu.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba. Umenenepa," akasema. Hakuwa ameniona, aliusikia mkeka ulivyolia nilipoketi.

Tukala, tukacheka, akanidai habari za kila mtu wa Mbuchi, waliozaliwa na waliokufa. Ndani ya nyumba alikuwapo mwari, mjukuu wa mpwa wake, aliyewekwa ndani siku ile ile asubuhi. Baada ya alasiri wanawake wa nyumba walianza kumtazama Somo, wakimngoja aingie. Hakuinuka. Aliendelea kupepeta. Kisha akaniambia, "Ingia weye."

"Somo, mwari ni wako."

"Miye nikikaa sakafuni hawaniinui tena. Ingia."

"Nitamfundisha nini? Mimi sijawahi."

"Usianze na kumfundisha. Muulize kasikia nini tangu asubuhi. Atakachokwambia ndicho utakachoanzia."

Wale wanawake waliniangalia. Nikajifunga kanga upya, nikavua viatu, nikainama mlangoni nikaingia. Binti alikuwa ameketi pembeni kwenye giza, magoti kifuani, amejifunika mpaka puani. Nilimsalimu, akaitikia kwa kumung'unya. Nikakaa mbele yake.

"Hebu niambie," nikasema. "Tangu asubuhi umekaa humu peke yako. Umesikia nini?"

"Nimesikia watu wakicheka huko uani."

"Wakicheka vipi?"

Alishusha nguo usoni, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kwani kuna namna?"

"Zipo," nikamwambia. "Tena nyingi. Sogea huku kwenye mkeka."